Paa la Upande wa Machweo

Nyumba ya Mangi, mtawala wetu wa mlimani, ilikuwa na paa moja na wenyewe wanne. Paa lilianzia karibu kabisa na ardhi likapanda kwa mviringo hadi nchani, nyasi juu ya nyasi. Mgeni asingeona mpaka wowote pale, lakini mwenyeji angekuonyesha kwa kidole, kama anavyokuonyesha mpaka wa kihamba chake, shamba lake la migomba. Ukoo wa juu uliezeka upande unaotazama kilele cha Meru. Watu wa mtoni waliezeka upande wa macheo. Ukoo wa Mangi mwenyewe uliezeka upande wa mlango. Na upande wa machweo, unaotazama nyanda za Kisongo, ulikuwa wa akina Nkasiogi.

Hakuna aliyegusa upande wa mwenzake. Nyasi za jirani zikioza mpaka zikaota uyoga, utazitazama na kumwita mwenyewe, ukizigusa, umemnyang'anya. Walikuwa na usemi wao: asiye na upande wa paa hana upande wa ardhi. Na hawakuusema kwa mzaha.

Wajerumani waliojijengea boma la mawe na chokaa kule Arusha walipita siku moja wakaiona nyumba hiyo, wakacheka. Waache wacheke. Boma lao lilisimama kwa kiboko. Hii ilisimama kwa sababu kila mwaka, masika yakishaisha, koo zilikuja na nyasi zao mabegani bila kusukumwa na mtu.

Mtunza nyumba alikuwa Ndeshi, dada wa Mangi aliyechukuliwa na Wajerumani, shangazi wa Mangi aliyekuwepo sasa. Mume wake alikufa mapema, mtoto hakupata, akarudi kwao na kukabidhiwa nyumba ya baba zake. Akaipenda kama wengine wanavyopenda watoto, yaani kwa makelele. Ukiingia na matope alikufokea. Ukiegemea nguzo alikuuliza kama umechoka kusimama au umechoka kuishi. Alikandika sakafu kwa samadi, alizibua mfereji usilowanishe kuta, na zaidi ya yote aliwasha moto wa kuni mbichi, kwa kuwa moshi ndio dawa ya paa. Nyumba isiyovuta moshi haikai: dumuzi hula fito, ukungu hula nyasi.

Ila alikuwa na kituko kimoja. Watunzaji wote waliomtangulia waliwasha moto asubuhi. Ndeshi alingoja mpaka alasiri, wingu likishashuka mlimani na kufunika migomba.

"Ndeshi, huo moto wako una haya kama bibi harusi?" alimtania Resiato, jirani yake. "Mbona hautaki kuonekana?"

"Wewe chunga wa kwako," alijibu Ndeshi, akacheka. Alicheka kwa meno tu.

Resiato hakujua alichokuwa akikigusa. Hakuna aliyejua. Na kwa kuwa Ndeshi hakuwahi kulisema, afadhali lisemwe hapa mapema, maana bila hilo mengine yote hayana maana.

Wajerumani walipopanda mlimani kumtafuta Mangi, kaka yake Ndeshi, yeye Mangi alitoa amri moja: moto usiwashwe popote. Watu wakaingia msituni na mifugo yao, watoto wakala ndizi mbivu na maziwa baridi. Askari wakafika kwenye nyumba kubwa wakaikuta tupu, majivu yamepoa, wakashuka kupiga kambi bondeni. Hapo ndipo Mangi, mguu wake ukiwa umevimba kwa risasi, aliporudi kujificha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nani atatafuta mtu mahali palipokwisha kutafutwa? Aliyejua ni dada yake peke yake.

Mvua ikanyesha, ikanyesha. Nyumba haikuwa imevuta moshi tangu watu wakimbie. Ndeshi aliinua macho akaona ukungu mweupe umeanza kutambaa juu ya fito. Alisikia dumuzi wakitafuna, krr, krr, na kila walipotafuna alihisi wanazitafuna mbavu zake. Asubuhi moja wingu likashuka likafunika mlima wote, hata mgomba wa mlangoni hauonekani. Kaka yake alikuwa amelala kwa homa. Ndeshi akajiambia: anatetemeka, apate joto kidogo. Akajiambia: wingu litaumeza moshi. Akawasha.

Baadaye alijihoji mara nyingi, na kila mara alipata jibu lile lile, naye alilichukia. Hakuwasha kwa ajili ya kaka yake. Aliwasha kwa ajili ya paa.

Wingu la Meru halina ahadi na mtu. Liliondoka ghafla, jua likatoka, na moshi ukaonekana umesimama mnyoofu juu ya nyumba ambayo haikutakiwa kuwa na mtu. Kambini wakauona, ila msituni chini ya miti hakuna aliyeuona. Mangi alipoamshwa na kikohozi aliutazama moto, akamtazama dada yake. Askari walipanda kupitia migomba ya akina Nkasiogi, kwa sababu ndiyo njia fupi kutoka bondeni, wakamkamata. Mlangoni, mikono ikiwa imefungwa nyuma, aligeuka.

"Tunza nyumba," alimwambia.

Akapelekwa boma la Arusha na hakurudi.

Watu walipotoka msituni walitaka jibu, na jibu walilokuwa nalo lilikuwa migomba iliyokanyagwa. Askari wamepita kwa nani? Kwa akina Nkasiogi; wao ndio waliomtoa. Basi. Vijana wakamkuta Loishiye, mdogo wake Nkasiogi, kijana mcheshi aliyepewa jina la kwa wajomba zake Waarusha wa Sekei, akisafisha mfereji. Walimpiga marungu pale pale. Ndeshi alikuwepo. Alikuwa ameenda kuteka maji, amesimama na mtungi kichwani. Kinywa chake kilifunguka. Kisha kikafunga. Loishiye alikata roho kabla jua halijazama, na Ndeshi alirudi nyumbani bila kumwaga hata tone.

Tangu siku hiyo akina Nkasiogi hawakuitwa tena kuezeka. Zamu yao ya mfereji ikafupishwa, mabinti zao wakakosa wachumba, na kwenye pombe ya mbege waliketi mwisho, karibu na mbwa.

Lakini kila mwaka, siku ya kuezeka, Nkasiogi alikuja. Alikuja na mganda wa nyasi begani, zimekatwa vizuri, zimekaushwa vizuri, akasimama kwenye lango la uzio wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani. Vijana wa zamu walimwambia arudi. Hakubishana. Aliutua mganda chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akaenda zake.

Na kila mwaka, watu wakishatawanyika, Ndeshi aliuchukua ule mganda akauingiza ndani. Siku ambazo wengine walikuwa shambani, alipanda kwenye dari ya kuni, akapenyeza nyasi za Nkasiogi kwa ndani, konzi kwa konzi, kila palipokuwa na tundu upande wa machweo. Hakugusa kwa nje. Alijidanganya kwamba si kuezeka, ni kuziba tu. Alishuka na masizi mpaka kwenye kope, akajiambia: angalau nyasi zao ziko ndani. Ilikuwa toba ya mwizi anayerudisha kamba ya ng'ombe, ng'ombe mwenyewe akiwa amebaki naye.

Paa likawa halivuji. Na watu, kama kawaida yao, wakalitafutia sababu. Wakasema mizimu inalishikilia.

Siku moja, kabla ya mvua za vuli, Mangi alikuja. Alikuwa kijana bado, mwenye akili, na kanzu nyeupe aliyopewa na boma ilikuwa haijamzoea. Alisimama ndani ya nyumba akatazama juu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Toka hapo kwenye nguzo, utachafua nguo."

Akasogea, maana hata Mangi alisogea Ndeshi akisema. "Shangazi, hebu niambie. Hawa watu wa machweo hawajaezeka tangu baba achukuliwe. Mbona halivuji?"

Ndeshi alishika ufagio. "Nyumba ya wazee ina mambo yake," alisema.

"Ndivyo wanavyosema wote. Mizimu inalishikilia." Mangi alishusha sauti. "Sasa sikiliza. Bwana mkubwa wa boma anataka ardhi. Kuna mlowezi anataka kupanda kahawa. Nikimkatalia ataichukua anapopenda yeye, labda hapa hapa tuliposimama. Nikimpa, nachagua mimi. Nitatoa vihamba vya akina Nkasiogi."

"Na wao?"

"Washuke nyandani. Waende kwa wajomba zao. Shangazi, mbona unanitazama hivyo? Paa lenyewe limeshatoa ushahidi. Haliwahitaji. Wazee wakikaa barazani humu nitawaonyesha, na hakuna atakayenipinga."

Alipoondoka, Ndeshi alikaa chini pale pale sakafuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo wanavyotufundisha. Hakuna aliyewahi kumfundisha Ndeshi kuhusu mtu anayeziba ufa, na kwa kuziba kwake akaubomoa ukuta wa mwenzake. Alikuwa amemuua Loishiye kwa kunyamaza. Sasa alikuwa anawafukuza waliobaki kwa wema wake wa kisirisiri.

Angeweza kumfuata mpwa wake njiani akamwambia maneno machache tu. Alisimama kabisa, akafika mpaka mlangoni. Akaliona lile lango la masale, na akamwona kaka yake amegeuka mikono ikiwa nyuma. Akarudi ndani. Ndeshi alikuwa jasiri wa mikono. Wa mdomo hakuwa.

Basi akatumia mikono. Kesho yake, watu wakiwa shambani, alipanda darini akaanza kung'oa. Alizing'oa nyasi zote alizopenyeza miaka yote hiyo, nyeusi kwa moshi, kavu, nzima kama siku zilipoletwa. Mtu aliyekata nyasi hizo alijua kazi yake. Ndeshi alilia akizing'oa, akalia zaidi kwa sababu hakuwa na hakika analilia watu au analilia paa. Alipomaliza, nuru iliingia upande wa machweo kwa vitundu vingi, ikadondoka kwenye sakafu aliyoikandika mwenyewe.

Siku ya baraza, alasiri, wazee waliketi kila mmoja chini ya upande wa ukoo wake, ndivyo ilivyokuwa desturi. Chini ya upande wa machweo hapakuwa na mtu. Mangi alianza kusema juu ya bwana mkubwa, juu ya mlowezi, juu ya kuchagua kabla ya kuchaguliwa. Alisema vizuri. Alikuwa amefika kwenye habari ya mizimu mvua ya vuli ilipoanguka.

Haikudondoka, iliingia. Ilimwagika pale pasipo na mtu, ikakusanyika, ikapata mteremko, ikapita katikati ya mafiga na kuuzima moto kwa mlio, ikafika mpaka kwenye miguu ya Mangi. Hakuna aliyesogea. Mzee wa ukoo wa juu, aliyekuwa haoni vizuri, aliuliza ni nini, wakamwambia.

"Kumbe," alisema. "Nyumba inawaita wenyewe."

Mangi alimtazama shangazi yake. Ndeshi alitazama maji.

Baada ya hapo habari ya kutoa vihamba vya machweo haikuweza kusemwa. Nani angetoa ardhi ya ukoo ambao nyumba yenyewe imeuita? Boma likaambiwa lingoje. Ndeshi akavuta pumzi ndefu, akadhani amemaliza. Ndipo wazee wakaweka sharti lao. Akina Nkasiogi warudi, waezeke, wakae tena chini ya upande wao. Lakini kwanza Nkasiogi aje mlangoni na kondoo na jani la isale, akiri mbele ya watu wote kwamba ukoo wake ulimtoa Mangi kwa Wajerumani. Na jani alipokee Ndeshi, kwa kuwa aliyepotea alikuwa kaka yake.

Kwetu mlimani jani la isale halikataliwi. Mtu akikuletea limefungwa fundo, hata kama alimuua baba yako, unalipokea na kusamehe. Ukilikataa, laana inageuka kwako. Ndeshi alijua hayo tangu utoto. Ambalo hakuwahi kulifikiria ni kuletewa isale na mtu ambaye yeye Ndeshi ndiye aliyemkosea.

Siku ya kuezeka, ambayo safari hii haikungoja masika yaishe, ilipambazuka nyeupe. Mvua zilikuwa zimepumzika, kilele cha Meru kilionekana wazi hata mikunjo yake. Watu walijaa uani. Mangi alikuwa kwenye kigoda chake upande wa pili, akiongea na wazee. Nkasiogi aliingia langoni, na safari hii hakuna kijana aliyemzuia. Alikuwa na mganda wa nyasi begani, kondoo kwenye kamba, na jani la isale mkononi. Nyuma yake walikuja watu wa ukoo wake wote. Binti yake Sinyati, aliyekuwa amekaa kwao bila kuchumbiwa mpaka wenzake wanabeba watoto, alitazama chini.

Nkasiogi alisimama mbele ya Ndeshi. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake.

"Mama," alisema, "nimekuja kwa ajili ya ukoo wangu. Nimekuja kwa kosa letu. Kosa la kum..." Aliutua mganda chini. Akajaribu tena. "La kumtoa..."

"Nyamaza, Baba Sinyati!" Ndeshi alisema.

Watu wa karibu wakaguna, wakidhani amekataa jani. Ndeshi aliwapita, akaenda kwenye uzio, akavunja isale lake mwenyewe. Alilifunga fundo, akarudi, akamwinulia Nkasiogi kwa mikono miwili.

Nkasiogi hakulipokea. Alisema kwa sauti ya chini, "La nini hili?"

"La Loishiye."

Kondoo alivuta kamba, Nkasiogi asimwone. "Nani alimtoa Mangi?"

Ndeshi alitaka kusema, na kinywa kikafanya kama kilivyofanya siku ile ya mtungi, kikafunguka bure. Akainua macho mpaka nchani mwa paa, pale moshi unapotokea. "Sikutaka lioze," alisema. "Kulikuwa na wingu. Nilidhani wingu litauficha."

Nkasiogi naye akatazama juu. Akatazama kule bondeni kulikokuwa na kambi, na migomba yake katikati. Alikuwa mwezekaji, hakuhitaji kuelezwa moshi unakwendaje asubuhi isiyo na upepo. Uso wake ukakunjamana, na kwa kitambo kidogo Ndeshi alidhani atampiga, akatamani ampige.

"Ulikuwepo mferejini," Nkasiogi alisema. "Nilikuona nilipofika. Nilidhani unamlilia."

"Nilikuwa namlilia."

"Ungesema neno moja tu."

"Ndiyo."

Alilipokea jani. "Mila inanifunga mkono, mama. Moyo haijaufunga, na sijui utachukua muda gani." Akalichomeka isale ndani ya mganda wake wa nyasi. "Lakini umeniambia mimi, kwa kunong'ona. Loishiye hakupigwa kwa kunong'ona. Ingia ndani uwashe moto."

"Saa hizi?"

"Saa hizi. Mlima uko wazi. Wakikuuliza, uwajibu."

Ndeshi aliingia. Alipiga magoti mbele ya mafiga, akapanga kuni kavu chini na mbichi juu, kama alivyofundishwa na watunzaji waliomtangulia. Akapuliza. Moto ulikataa, akapuliza tena, machozi yakimtoka kabla hata ya moshi. Ulipokubali, moshi ulipanda ukazunguka kwenye fito, ukapata njia, ukatoka.

Nje makelele yalikatika. Hakuna aliyekuwa ameona moshi wa asubuhi juu ya nyumba ile tangu Mangi mkubwa achukuliwe. Ulisimama wima, mrefu, ukaonekana bondeni na pengine mpaka Sekei. Resiato alikuwa wa kwanza kuweka mkono mdomoni.

"Nani amewasha moto?" Mangi aliuliza, akainuka kwenye kigoda. "Shangazi! Nani amewasha moto saa hizi?"

Ndeshi alitoka mlangoni, amejaa majivu mpaka viwikoni. Alisimama pale pale kaka yake aliposimama.

"Ni mimi, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kuwafokea watu wenye matope. "Na siku ile pia ni mimi."

Mangi aliutazama moshi, akashuka kwa macho mpaka bondeni, akarudi nayo mpaka kwa shangazi yake, na kigoda kikaanguka nyuma yake. Nkasiogi hakungoja ruhusa. Aliegemeza ngazi upande wa machweo, akauweka mganda begani na jani likiwa ndani yake, akaanza kupanda kwenye moshi huku akikohoa.